Maji machafu ya Ziwa Victoria: Nani hulipa, na hulipa wapi

MFANYABIASHARA wa samaki anayenunua mzigo Kirumba, Kayenze au katika mialo ya visiwa vya Ukerewe hana kawaida ya kuandika "uchafuzi wa maji" katika daftari lake la gharama. Huandika barafu, nauli, ushuru, mafuta ya mashine ya boti na kilo zilizoharibika njiani. Hata hivyo, ndani ya gharama hizo imo bei ya maji machafu, ila hulipwa kwa jina jingine. Ghuba ikichafuka, mvuvi huenda mbali zaidi na mafuta huongezeka. Maji ya mwaloni yakiwa na vimelea, mzigo hukataliwa kiwandani na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa mwenye mtaji mdogo, jambo la kuelewa ni kwamba uchafuzi wa ziwa uko wa namna mbili. Upo ule unaomfikia mnunuzi mezani, na soko huuadhibu mara moja kwa kufunga mlango. Upo pia ule unaobaki majini, ambao hakuna mnunuzi anayeupima katika minofu. Huo wa pili ndio mkubwa zaidi, na sasa umeanza kuwapata hata wawekezaji wa vizimba vya samaki.

Ziwa lisilosafishika upesi

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Karibu nusu yake iko Tanzania, asilimia zipatazo 43 ziko Uganda na asilimia 6 Kenya. Pamoja na ukubwa huo, kina chake ni kidogo, wastani wa mita 40 tu.

Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa huondoka kwa njia ya mvuke. Yanayotoka kwa Mto Nile pale Jinja ni machache yakilinganishwa na ukubwa wa ziwa. Maana yake kibiashara ni kwamba kinachoingia hakitoki upesi. Mvuke hupanda juu, lakini mbolea, majitaka na udongo hubaki. Uchafu wa mwaka huu hujumlishwa na wa miaka iliyotangulia, kama deni ambalo riba yake haijalipwa.

Soko lilivyofungwa mara tatu

Funzo kubwa la biashara lilitolewa kati ya mwaka 1996 na 2000. Wakati huo sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alikuwa amekwisha kuwa zao kubwa la kuuzwa nje, na viwanda vya kukata minofu vilikuwa vimejengwa Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja na Kampala. Soko kuu lilikuwa Ulaya.

Mara ya kwanza, mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997, Hispania na Italia zilizuia minofu ya sangara baada ya kukuta bakteria wa salmonela. Chanzo cha tatizo la namna hiyo ni usafi wa mwaloni na kiwandani: samaki kuburuzwa mchangani, kuoshwa kwa maji ya ufukweni ambako watu na mifugo hujisaidia, na kukaa juani bila barafu.

Mara ya pili ilikuwa mwezi Desemba 1997. Mvua za El Niño zilifurisha vyoo na mitaro, kipindupindu kikaenea katika nchi za Afrika Mashariki, na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka eneo hili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilieleza kuwa uwezekano wa kipindupindu kuenezwa na samaki anayepikwa ni mdogo sana, lakini zuio lilidumu hadi katikati ya 1998. Hapa wafanyabiashara walijifunza kuwa majitaka ya mjini yanaweza kufunga soko hata kama minofu yenyewe haikukutwa na kosa.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 1999. Iligundulika kuwa baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa kumwaga majini sumu za kuulia wadudu wa mazao. Uganda ilisimamisha yenyewe mauzo yake mwezi Machi, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa nchi zote tatu. Safari hii kufunguliwa kulichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa nchi zilitakiwa kuonyesha kuwa zina maabara na mfumo wa kupima mabaki ya sumu. Mwaka 2000 mlango ulifunguliwa, Tanzania ikitangulia, Uganda ikifuata na Kenya ikiwa ya mwisho.

Katika vipindi hivyo viwanda vilipunguza zamu na vingine vilifunga milango kwa muda. Bei ya sangara mwaloni iliporomoka. Mvuvi aliyekuwa na mkopo wa nyavu na mashine kutoka kwa wakala alibaki na deni lile lile kwa samaki wa bei ndogo. Aliyemwaga sumu usiku hakulipa chochote katika hasara hiyo. Walioilipa ni wale waliovua na kununua kwa njia halali.

Baada ya hapo fedha zilitumika kurekebisha mambo. Mialo maalumu ilijengewa sakafu, maji safi na vyoo, wakaguzi waliongezwa, na upimaji ukaimarishwa. Tanzania ina maabara ya taifa ya ubora wa samaki Nyegezi, Mwanza. Gharama hizo hazikuwa ndogo, lakini zilikuwa nafuu kuliko miezi ya soko kufungwa.

Uchafu ambao mnunuzi haupimi

Mafanikio hayo yaliwafanya wengi waamini kuwa suala la maji limekwisha. Ukweli ni kwamba mazuio yote matatu yalihusu kitu kinachoweza kupimwa katika mnofu: bakteria au sumu. Hakuna cheti cha usafirishaji kinachouliza kama ghuba alikovuliwa samaki huyo bado ina hewa ya kutosha.

Tatizo hilo la pili huanza na mbolea. Naitrojeni na fosforasi zikiingia majini hulisha mwani, ile mimea midogo inayoyafanya maji yawe ya kijani. Mwani hukua kwa wingi, hufa na kuzama chini. Bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini. Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wingi wa mwani ulikuwa umeongezeka mara kadhaa kulinganisha na miaka ya 1960, na kwamba hadi nusu ya eneo la sakafu ya ziwa ilikuwa ikikosa oksijeni kwa sehemu ya mwaka.

Maji ya uvuguvugu ya ziwa hili, yakiwa yameshiba hewa, hubeba takriban miligramu 7 za oksijeni katika lita moja. Samaki wengi huhitaji miligramu 5 au zaidi ili wakue vizuri. Zikishuka chini ya 3, hali huwa ya hatari, na sangara huathirika mapema kuliko sato, ambaye ni mvumilivu zaidi. Samaki anayeishi huru huyakimbia maji hayo, lakini eneo la kukimbilia huzidi kuwa finyu. Upepo mkali au dhoruba ikiyavuruga maji na kuyapandisha yale ya chini yasiyo na hewa, samaki hufa kwa mkupuo. Hivyo ndivyo Serikali ya Uganda ilivyoeleza vifo vya sangara vilivyotokea upande wake wa ziwa mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021.

Mbolea hiyo hiyo ndiyo iliyoyanenepesha magugu maji. Yalionekana ziwani karibu na mwaka 1990, na mwishoni mwa 1998 yalifunika zaidi ya hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam nchini Kenya. Meli zilishindwa kutia nanga bandarini Kisumu na wavuvi walishindwa kutoka mwaloni. Wadudu jamii ya fukusi walioletwa kuyala walisaidia kuyapunguza sana miaka iliyofuata. Lakini chakula cha magugu hayo hakikuondolewa majini, na ndiyo sababu yamekuwa yakirudi kila hali inaporuhusu.

Uchafu unakotoka

Kuna mazoea ya kuwanyooshea kidole wenye viwanda peke yao. Hesabu za wataalamu zinaonyesha picha pana zaidi.

Sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka hewani. Moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, pamoja na vumbi la ardhi iliyoachwa wazi, hubebwa na upepo na kushushwa na mvua juu ya maji. Chanzo kingine kikubwa ni mito. Kagera, Mara, Simiyu, Nyando, Nzoia na mingineyo huleta udongo uliomomonyoka kutoka mashambani na malishoni, na udongo huo hubeba mbolea. Mkulima anayelima hadi ukingoni mwa mto hupoteza rutuba yake, na mvuvi aliye mbali huipokea kama uchafu.

Miji na viwanda huchangia sehemu ndogo zaidi ukilijumlisha ziwa zima, lakini uchafu wao huingia mahali pamoja, tena katika ghuba zenye kina kifupi ambako samaki huzaliana na ambako watu huchota maji ya kunywa. Mto Mirongo hukatiza katikati ya Mwanza na kuingia ziwani ukiwa umebeba kila kilichotupwa mitaroni. Katika vilima vya mawe vya mji huo ni vigumu kuchimba vyoo vya shimo virefu, na mvua kubwa hushusha vilivyomo.

Zipo pia sumu zisizotokana na mbolea. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika maeneo kama Geita hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, na mabaki yake huweza kufika kwenye mito. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020.

Hesabu ya kiwanda kimoja

Kwa mfanyabiashara, njia rahisi ya kuelewa majitaka ni kuyageuza kuwa idadi ya watu. Kipimo kinachotumika huitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watakitumia kuozesha uchafu uliomo majini. Mtu mmoja huzalisha takriban gramu 50 za BOD kwa siku.

Chukua mfano wa hesabu tu, usiohusu kiwanda chochote kilichopo. Kiwanda cha minofu kinatiririsha mita za ujazo 200 kwa siku zenye damu, mafuta na vipande vya nyama, na BOD yake ni miligramu 1,500 kwa lita. Hizo ni kilo 300 za BOD kila siku. Ukigawa kwa gramu 50, kiwanda hicho kimoja kinachafua ghuba sawasawa na mji wa watu 6,000 usio na choo hata kimoja.

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayomwagwa yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Kiwanda hicho kikitimiza kiwango hicho, kilo 300 hushuka kuwa kilo 6, sawa na uchafu wa watu 120. Tofauti ni ya mara 50, na teknolojia yenyewe si ya ajabu. Huanza na chekecheke la kukamata vipande, hufuata shimo la kunasia mafuta, kisha mabwawa kadhaa yanayopokezana, la kwanza likiwa refu lisilo na hewa na ya mwisho yakiwa mafupi yanayopata jua.

Kinachohitajika zaidi ni ardhi ya mabwawa na mtu wa kuyasafisha. Mwenye kiwanda anayekwepa gharama hiyo huonekana kuwa na faida kubwa kuliko jirani yake anayeilipa. Hapo ndipo soko linapokosea, kwa kuwa bei ya minofu yao ni moja wakati gharama zao halisi hazilingani. Bila mkaguzi, yule mwadilifu ndiye anayeadhibiwa.

Mabaki yakiwa na bei hayatupwi

Ipo njia nyingine ya kupunguza uchafu ambayo Mwanza inaifahamu vizuri. Katika kilo 100 za sangara anayeingia kiwandani, minofu ni kilo 40 hivi. Kinachobaki ni vichwa, mifupa, ngozi, mafuta na mabondo. Kama vyote hivyo vingetupwa ziwani, ghuba isingekalika.

Lakini mapanki yalipata wanunuzi wa kuyakaanga, kuyakausha na kuyasaga kuwa chakula cha kuku na samaki. Mafuta yalipata soko lake. Mabondo, ambayo zamani hayakuwa na thamani ya maana, yalipata wanunuzi wa China, na kilo moja ya mabondo makavu huuzwa kwa bei inayoizidi ile ya minofu kwa mbali. Hakuna mwenye kiwanda anayehitaji kuambiwa na Serikali asitupe mabondo ziwani.

Nafasi ya mtaji mdogo iko hapa. Damu, matumbo na magamba bado ni mzigo kwa viwanda vingi na kwa masoko ya samaki, na vinaweza kuwa mbolea, chakula cha mifugo au gesi ya kupikia. Anayeingia katika biashara hiyo aulize kwanza kama ana uhakika wa kupata malighafi kila siku, kwa maana viwanda vya minofu navyo hutegemea msimu wa samaki.

Kampala ilivyohamisha bomba

Mfano mzuri wa gharama inayolipwa mahali pasipostahili uko Kampala. Majitaka ya mji huo yamekuwa yakishuka kwa mfereji wa Nakivubo hadi Ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyo hiyo, kilomita chache tu, ndipo ilipo mitambo ya Ggaba inayosafisha maji ya kunywa ya mji. Kadiri ghuba ilivyochafuka, ndivyo mwani ulivyoziba vichujio na dawa za kusafishia zilivyoongezeka. Mwenye kulipa alikuwa mtumiaji wa bomba.

Kati ya mfereji na ghuba kuna kinamasi cha mafunjo, ambacho huchuja sehemu ya uchafu bila kudai mshahara. Utafiti wa kiuchumi wa mwaka 1999 ulikadiria kuwa kazi hiyo ya kusafisha maji ina thamani ya kati ya dola za Marekani milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Pamoja na hayo kinamasi kimeendelea kumegwa kwa mashamba na majengo, kwa sababu mwenye kiwanja hupata fedha mkononi wakati faida ya kinamasi ni ya mji mzima.

Hatimaye Uganda ililazimika kufanya mambo mawili ya gharama kubwa. Ilijenga mtambo mpya wa majitaka wa Bugolobi-Nakivubo wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, na ikajenga mitambo mipya ya maji ya kunywa Katosi, mbali upande wa mashariki, ambako maji ya ziwa bado ni masafi zaidi. Kuchimba chanzo kipya ni ushahidi kwamba kile cha zamani kimepungua thamani.

Vizimba vyabadilisha hesabu

Kwa miaka mingi upungufu wa hewa majini haukuwa na mwenyewe. Samaki wa porini si wa mtu, hivyo wakipungua kila mvuvi hupata hasara kidogo na hakuna anayeweza kuonyesha risiti. Ufugaji wa sato katika vizimba umebadilisha jambo hilo. Ulienea kwanza upande wa Kenya na Uganda, na Tanzania nayo imekuwa ikiwahimiza vijana na vikundi kuingia humo kwa mikopo ya Serikali.

Mwenye kizimba ana samaki wanaohesabika, aliowanunua wakiwa vifaranga na kuwalisha kwa miezi kadhaa. Maji yakikosa hewa samaki hao hawana pa kukimbilia. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa namna hiyo, na wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni kuwa sababu. Mtaji wa msimu mzima uliondoka ndani ya siku chache, na wengi hawakuwa na bima.

Kwa upande mwingine, mfugaji naye ni mchafuzi. Ili kupata kilo moja ya sato hutumika kilo moja na nusu hadi mbili za chakula, na sehemu ya chakula hicho pamoja na kinyesi huanguka chini ya kizimba. Vizimba vikibanana katika ghuba fupi isiyo na mkondo, wafugaji huuana wao kwa wao. Mwenye kizimba cha kwanza hupata faida, wa kumi huanza kulalamika, na wa hamsini hushuhudia hasara ya wote.

Ndiyo maana eneo la kizimba ni sehemu ya mtaji kama ulivyo wavu. Inashauriwa kutafuta mahali penye kina cha kutosha chini ya wavu, penye mkondo wa maji, na mbali na midomo ya mito na mitaro ya mji. Kipimo cha oksijeni kichukuliwe alfajiri, kwa sababu usiku mwani hautengenezi oksijeni bali huitumia, na kabla ya jua kuchomoza ndipo inapokuwa chini kabisa. Anayepima saa sita mchana hujidanganya.

Sheria zipo, kazi ni kuzitekeleza

Nchi tatu hazikukaa kimya. Mwezi Juni 1994 zilitia saini Kisumu mkataba wa kuunda chombo cha pamoja cha uvuvi, ambacho makao yake ni Jinja. Mwezi Agosti mwaka huo huo zilikubaliana kuhusu mradi wa pamoja wa mazingira ya ziwa, ambao awamu yake ya kwanza ilianza 1997. Baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki iliunda Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe, na inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayemwaga majitaka katika chanzo cha maji awe na kibali, na kwa upande wa ziwa hili kibali hicho hushughulikiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyopo Mwanza.

Mwekezaji asivione vibali hivyo kuwa karatasi za kusumbuana. Kiwanda kinachofungwa kwa amri ya mazingira hakilipi gawio, na benki iliyokikopesha hudai fedha zake hata wakati mashine zimesimama.

Kuwekeza katika maji yenyewe

Kusafisha maji kunahitaji fedha za muda mrefu, na sasa wananchi wa kawaida wameanza kualikwa kuzitoa. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira ya Tanga iliuza hatifungani ya Shilingi bilioni 53.12 ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi walijitokeza kuliko kiasi kilichotakiwa, na hatifungani hiyo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Fedha hizo ni za kupanua huduma ya maji, na marejesho yake hutegemea ankara zinazolipwa na wateja. Lakini mji wa Tanga hupata maji yake katika bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi. Mto huo ukijaa udongo kutokana na kilimo cha kingoni au uchimbaji wa dhahabu, bwawa hupungua kina na gharama ya dawa huongezeka. Hivyo mwenye hatifungani aliye Dar es Salaam ana maslahi katika miti iliyo kingoni mwa mto ambao huenda hajawahi kuuona. Mamlaka za miji ya ziwa zikiamua siku moja kufuata njia hiyo, swali la kwanza la mnunuzi liwe ni hali ya chanzo cha maji, kabla ya kuuliza riba.

Mambo ya kuangalia

Kwa wafanyabiashara na wenye mitaji midogo walio katika biashara ya ziwa, mambo yafuatayo yanafaa kuchunguzwa kabla fedha haijatoka mfukoni:

Mnunuzi wa samaki aangalie mwalo anaochukulia mzigo: una maji safi ya kuoshea, sakafu na vyoo, au samaki huoshwa ufukweni? Mzigo wa bei nafuu kutoka mwalo mchafu huweza kukataliwa wote kiwandani.

Mwenye hisa au mkopo katika kiwanda aulize mambo matatu: kibali cha majitaka, matokeo ya vipimo vya BOD vya mwaka mzima, na mahali mabaki yanakokwenda. Kiwanda kisichoweza kuonyesha vipimo mara nyingi hakina.

Anayetaka kuingia katika vizimba ahesabu vizimba vilivyopo tayari katika ghuba hiyo, apime hewa alfajiri kwa siku kadhaa, hasa kipindi cha upepo wa Juni hadi Agosti maji yanapochanganyika, na atenge fedha za hasara au bima kabla ya kununua vifaranga.

Vikundi vya usimamizi wa uvuvi mwaloni navyo vina kazi ya kulinda soko. Mtu mmoja anayevua kwa sumu anaweza kuwafungia wengine wote mlango, kama ilivyotokea 1999. Kumtaja mapema ni kulinda mtaji wa mwalo mzima.

Mwisho, wenye biashara katika miji ya ziwa wasisubiri mnunuzi wa Ulaya ndiye awalazimishe kusafisha. Mnunuzi huyo hupima mnofu uliomfikia tu, na akikuta kasoro anaweza kuhamia kwa samaki wa nchi nyingine. Wavuvi, wachuuzi na wafugaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba hawana ziwa jingine la kuhamia.